Hesabu na Wenye Kuhesabu



Kila mtu ana kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekitia moyoni mwake, akakipenda pasipo kufundishwa na mtu. Yuko apendaye njiwa, yuko apendaye mashairi, na yuko ambaye hawezi kuiona saa mbovu asiifungue. Mimi napenda takwimu. Nikishika gazeti, kabla sijasoma nani kasema nini, macho yangu hukimbilia kwenye jedwali: msimamo wa ligi, bei za mazao, kura zilizopigwa na kura zilizoharibika. Nina madaftari ambayo nimeandika humo siku za mvua, bei ya mchele sokoni, na magoli yaliyotangazwa redioni pamoja na dakika yalipofungwa. Watu wa nyumbani kwangu wamekwisha kunizoea, ingawa wageni huuliza.

Wengi hudhani kwamba mapenzi ya namna hii ni makavu, na kwamba mwenye kuyapenda matarakimu hana moyo wa kuwapenda watu. Mimi naona kinyume chake. Nyuma ya kila tarakimu ya kweli yupo mtu aliyesimama mahali fulani, akatazama, akahesabu, kisha akaandika alichokiona. Mtu huyo ni shahidi. Nasi katika dini yetu tunajua uzito wa ushahidi, na tunajua mtoaji wa ushahidi wa uongo amewekwa katika kundi gani. Basi naomba tufuatane kidogo, tuanze uwanjani ambako mambo ni mepesi, kisha twende kwenye mambo yaliyo mazito.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch huko New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia. Aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliyemfuata, John Walker, mwenyeji wa nchi ile, alitumia dakika 3 na sekunde 32.5. Rekodi ya zamani ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1. Tazama maajabu haya: Walker naye aliipita rekodi ya dunia, lakini dunia haikumwandika kwa sababu ya sehemu tatu katika kumi za sekunde moja, muda ambao wewe huwezi hata kulitamka jina lako. Mimi nikizisoma tarakimu hizi nawaona wale wawili wanavyonyooka kuelekea kwenye utepe. Sihitaji picha.

Hesabu nyingine hunitia simanzi. Taifa Stars ilicheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Lagos mwaka 1980, kisha isionekane tena kwenye fainali hizo mpaka mwaka 2019 kule Misri. Miaka 39. Mtoto aliyezaliwa wakati wa Lagos alikuwa mtu mzima, pengine mwenye mvi za kwanza, alipoiona timu ya nchi yake katika fainali hizo. Waandishi walieleza mengi juu ya ukame ule, lakini hakuna maneno yaliyosema zaidi ya hiyo 39.

Lakini kisa cha michezo ninachokipenda kuliko vyote ni cha Hanif Mohammad wa Pakistani, mchezaji wa kriketi. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, inatosha kufahamu kwamba mpigaji hukusanya mbio, kila mbio moja ikihesabiwa, mpaka atakapotolewa. Mwaka 1958 mjini Bridgetown, Barbados, Hanif alisimama mchezoni dakika 970, yaani zaidi ya saa kumi na sita kwa kuzigawa katika siku, akapata mbio 337 na kuiokoa nchi yake isishindwe. Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari, akicheza mjini Karachi, aliipita rekodi ya Mwaustralia Don Bradman ya mbio 452, akaendelea mpaka akakaribia 500, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifikia katika michezo ya daraja ile. Siku ilikuwa inakwisha na mipira miwili tu ilibaki. Hanif akatazama ubao wa hesabu, akaona 496. Akapiga mpira, akakimbia mbio ya kwanza, kisha akajaribu kuiba ya pili ili abaki upande wa kupigia. Hakuwahi kufika, akatolewa. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba ubao ulikosewa. Alikuwa amekwisha kufikisha 498 kabla ya mpira ule, na aliandikiwa 499. Lau angaliijua hesabu yake ya kweli asingalikuwa na haja ya kukimbia kwa pupa namna ile. Rekodi yake ilidumu hata hivyo mpaka mwaka 1994, Brian Lara alipopata 501.

Sijui jina la yule aliyekuwa akibadilisha tarakimu ubaoni, wala sina haja ya kulijua. Huenda alikuwa kijana aliyechoka na jua. Hakukusudia ubaya wowote. Lakini mtu aliyekuwa karibu kufika mahali ambapo hajafika mtu aliamua jambo kwa kuutegemea ushahidi wake, na ushahidi ule ulikuwa pungufu kwa mbio mbili. Hilo ni katika mchezo tu, ambako hakuna aliyekufa wala aliyedhulumiwa mali yake.

Sasa, yuko atakayesema kwamba mambo haya ya kuhesabu-hesabu ni ya Wazungu, na kwamba wazee wetu wema hawakushughulika nayo. Huyo hajasoma. Katika Sahihi ya Imamu Bukhari imepokewa kwa Hudhaifa (Mwenyezi Mungu awe radhi naye) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamuru maswahaba wamwandikie idadi ya watu waliotamka Uislamu, nao wakaandika wanaume 1,500. Hiyo ni sensa, ndugu msomaji. Lakini kinachonifurahisha mimi zaidi ni namna Imamu Bukhari alivyoipokea habari hiyo. Amezitaja pia njia nyingine za riwaya hiyo hiyo: katika moja idadi ni 500, na katika nyingine ni baina ya 600 na 700. Hakuzificha zile zilizohitilafiana wala hakuzichanganya akatoa moja ya katikati ili kitabu kipendeze. Kila shahidi akaachiwa ushahidi wake. Vivyo hivyo katika watu wa Badri. Sisi tumezoea kusema 313 kana kwamba waliandikwa kwenye daftari la shule, lakini maswahaba wenyewe wamepokewa wakisema mia tatu na kumi na kitu. Kile "na kitu" ni uaminifu.

Qur'ani yenyewe imetufundisha adabu hii katika Suratul Kahf. Watu wanabishana juu ya idadi ya wale vijana wa pangoni: watatu na wa nne mbwa wao, watano na wa sita mbwa wao, saba na wa nane mbwa wao. Mtume anaamrishwa aseme kwamba Mola wake ndiye aijuaye vyema idadi yao, na kwamba hawaijui ila wachache. Na mabishano ya wale wengine yameitwa kuvurumisha katika giza la yasiyoonekana.

Baada ya Mtume, Sayyidna Umar (R.A.) aliweka divani, yaani daftari la majina na mafungu, ili kila mwenye haki katika mali ya umma ajulikane na apewe chake. Karne ya tisa ya miladi, Al-Kindi aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri, na njia yake ilikuwa ni kuhesabu: hesabu ni herufi gani hujitokeza mara nyingi katika lugha, kisha hesabu ni alama gani hujitokeza mara nyingi katika barua ya siri, ulinganishe. Ndiyo maandishi ya kale kabisa yanayojulikana juu ya njia hiyo. Basi tusimwachie mtu mwingine urithi wetu kwa uvivu wa kusoma.

Na katika maisha ya kila siku Mwislamu hawezi kwenda bila ya hesabu. Zaka ya fedha ni fungu moja katika arobaini. Mwezi ni siku 29 au 30. Mwaka wa Hijria unapungua kama siku 11 kwa mwaka wa jua, ndiyo maana Ramadhani huangukia kiangazi katika miaka fulani na masika katika miaka mingine. Haya tunayajua. Tusiloliangalia ni jinsi ya kuielewa tarakimu tunapoletewa na mtu mwingine.

Chukua neno "wastani". Utasikia mtu akisema kwamba zamani wastani wa maisha ulikuwa miaka 35, kwa hiyo babu zetu walikuwa wazee wakiwa na miaka 35. Si kweli. Tufanye kijiji kina watu kumi. Watano wanakufa wakiwa na mwaka mmoja, na watano wanaishi mpaka miaka 69. Jumlisha, ugawe kwa kumi: utapata 35. Lakini katika kijiji hicho hakuna hata mtu mmoja aliyekufa akiwa na miaka 35. Wastani ule haukuwa unaeleza wazee hata kidogo. Ulikuwa unaeleza watoto. Ulikuwa unasema kwamba kuna makaburi mengi mafupi.

Hapo ndipo takwimu zinapoacha kuwa mchezo. Katika utafiti wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2004 na 2005, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa wakiwa hai, 112 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa 43. Ipo nafasi ya kushukuru na ipo nafasi ya kuhuzunika, kwa kuwa 43 nao ni watoto wa watu. Lakini fikiri juu ya tofauti ile ya 69. Hao hawana habari kwamba waliokolewa. Hakuna hata mmoja wao unayeweza kumshika mkono ukasema, wewe ulikuwa mmoja wa wale 69, kwa sababu hesabu haikuwajua kwa majina. Wanacheza barabarani, wanakwenda chuoni na juzuu zao. Mimi nikiwaona watoto wakitoka madrasa kwa makelele hunijia hesabu hiyo, na hunishinda kuwakemea.

Na ili tarakimu hizo zipatikane, ilibidi mtu aende nyumba kwa nyumba, akae kwenye mkeka wa mama asiyemjua, amuulize: umezaa watoto wangapi, na wangapi wamefariki? Swali zito hilo. Anayeliuliza akaandika majibu ya kubuni kwa sababu jua limekuwa kali na nyumba ya pili iko mbali, amemdhulumu mama yule na watoto wake wote wawili, aliye hai na aliyekufa. Nalisema hili kwa vijana wetu wanaopata kazi za namna hii. Wengi wanaona kosa liko katika kula fedha tu.

Tuje kwenye siasa, ambako hesabu humwaga damu.

Uchaguzi wa Kenya wa mwezi Desemba 2007 ulivurugika katika kujumlisha kura. Matokeo yalipotangazwa hayakuaminiwa, na ghasia zilizofuata ziliua watu 1,133 kwa mujibu wa tume iliyochunguza. Ndiyo sababu mwezi Agosti 2022, Wakenya walipopiga kura tena, kila mtu katika Afrika ya Mashariki alikaa na roho juu siku ya kutangazwa matokeo. William Ruto alitangazwa kuwa amepata kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49. Raila Odinga alipata 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Wagombea wengine wawili walipata asilimia 0.44 na 0.23. Kesho yake makamishna wanne katika saba wa Tume ya Uchaguzi walisimama mbele ya waandishi wa habari wakasema matokeo hayo hayakubaliki. Miongoni mwa hoja zao ilikuwa ni hii: zijumlishe asilimia hizo nne, utapata 100.01. Wakasema ile 0.01 iliyozidi ni sawa na kura kama 142,000, na kwamba wingi huo unaweza kubadilisha matokeo.

Msomaji, niliposikia hivyo sikuuliza wao ni wa upande gani. Nilichukua kalamu, na nakuomba wewe pia uichukue. Kura halali zote zilikuwa 14,213,027. Asilimia moja ya hizo ni kama 142,130. Sehemu moja ya mia ya asilimia moja, yaani hiyo 0.01, ni kama 1,421. Basi 142,000 ni mara mia ya kitu chenyewe. Hilo moja.

La pili ni hiyo 0.01 yenyewe, ilitoka wapi? Gawa kura za kila mgombea kwa jumla, usikatie kwenye tarakimu mbili, endelea mbele. Ruto anapata 50.4899, ikaandikwa 50.49. Odinga anapata 48.8491; ikaandikwa 48.85. Wa tatu anapata 0.4360, ikaandikwa 0.44. Wa nne anapata 0.2251, ikaandikwa 0.23. Zote nne, kwa sadfa, zimepandishwa juu kidogo ili zikae katika tarakimu mbili, na vile vipande vinne vya kupandishia ukivikusanya ndiyo hiyo 0.01. Hakuna kura hata moja iliyoongezwa hapo. Kura zenyewe ukizijumlisha kwa idadi zao, siyo kwa asilimia, zinatimia sawasawa mpaka ya mwisho.

Wenye kusoma elimu ya mirathi watatabasamu, maana sisi tunajua tangu zamani kwamba mafungu yanaweza kuzidi kitu kizima. Mwanamke akifa akaacha mume na ndugu wawili wa kike wa baba na mama mmoja, mume ana nusu na ndugu wana theluthi mbili. Jumla ni sita na saba juu yake. Wakati wa Sayyidna Umar jambo hili lilipotokea hawakupiga kelele kwamba kuna mwizi. Waliigawa mali kwa saba badala ya sita, mume akapata tatu na ndugu nne, na hiyo ndiyo iitwayo 'awl. Sababu yake ni nyingine kabisa na ile ya asilimia za Kenya, lakini adabu ni moja: hesabu ikizidi, kwanza tafuta imezidi kwa nini.

Sisemi kwamba makamishna wale walikusudia kudanganya. Nia zimo vifuani na Mjuzi wake ni mmoja. Walikuwa na hoja nyingine pia ambazo hazihusu kujumlisha, na yote yalipelekwa Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 5 Septemba 2022 iliyathibitisha matokeo kwa kauli moja ya majaji saba. Nisemalo ni kwamba katika nchi ambayo miaka kumi na tano nyuma ilizika watu 1,133 kwa sababu ya hesabu isiyoaminika, tarakimu iliyokuzwa mara mia ilitamkwa mbele ya vipaza sauti, ikasambaa kwenye simu za watu kabla jua halijatua, na wengi walioipokea walikuwa wamesoma hesabu za asilimia katika shule ya msingi. Hawakukokotoa. Wale walioipenda waliipokea kwa kuwa inawafaa, na wale walioichukia wakaikataa kwa kuwa haiwafai. Nilimwuliza jamaa yangu mmoja, msomi, kama aliipiga hesabu ile mwenyewe. Akanijibu, "Ya nini? Si wamesema makamishna?"

Tusiwacheke Wakenya. Tujitazame sisi, na hasa sisi Waislamu wa Tanzania katika jambo la wingi wetu. Sensa ya mwisho kuwauliza watu dini yao katika nchi hii ilikuwa ya mwaka 1967. Mwaka 2012 baadhi ya ndugu zetu walitoa wito wa kuigomea sensa, moja ya sababu zao ikiwa ni kwamba swali la dini halikuwemo na huku takwimu za dini zikitajwa ovyo na watu wengine. Malalamiko hayo yana msingi wake, na mimi ni katika wanaoona kwamba kitu kisichohesabiwa kisitangazwe. Lakini hukumu hiyo inatupata sisi pia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Katika hao Waislamu ni wangapi? Nimewasikia wahubiri wetu juu ya mimbari wakitaja asilimia, huyu hivi na yule vile, kila mmoja kwa sauti ya mtu aliyehesabu. Nani alihesabu? Lini? Alikwenda nyumba zipi? Tumekatazwa katika Suratul Israa kufuata tusiyokuwa na elimu nayo, na tumeambiwa kwamba masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Sikuona mahali ambapo takwimu zimetolewa nje ya katazo hilo kwa sababu zinatupendeza.

Wafasiri wametaja katika kisa kimoja cha kushuka kwa Suratut Takaathur kwamba koo mbili za Makureshi, Bani Abdi Manaf na Bani Sahm, zilishindana kwa wingi wa watu wao. Walipomaliza kuwahesabu walio hai na ukoo mmoja ukazidiwa, walikwenda makaburini wakahesabu na wafu. Nikikisoma kisa hiki huwaona watu ninaowajua kabisa. Na siku ya Hunain Waislamu walitoka wakiwa 12,000, jeshi ambalo hawakuwahi kuwa nalo kabla yake, wakapendezewa na wingi wao, na Qur'ani imeeleza katika Suratut Tawba kwamba wingi ule haukuwafaa kitu, wakageuka nyuma kabla ya nusura kuja.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Ni hesabu ya Qur'ani yenyewe.

Uliza katika mkusanyiko wowote wa Waislamu: Qur'ani ina aya ngapi? Utajibiwa haraka, 6,666. Imo katika vipeperushi, imo katika maswali ya mashindano ya watoto, na mtoto anayejibu hivyo hupewa zawadi. Ni tarakimu nzuri ulimini. Lakini hakuna madhehebu yoyote ya wanazuoni wa kuhesabu aya yaliyofikia idadi hiyo. Watu wa Kufa, ambao hesabu yao ndiyo iliyomo katika misahafu tunayosomea huku kwetu, walihesabu 6,236. Watu wa Madina wana 6,214, na watu wa Basra 6,204. Wala usitishike na hitilafu hizi ukadhani kwamba maneno yamepungua mahali. Maneno ni yale yale. Hitilafu iko katika wapi aya inasimama. Watu wa Kufa wanaihesabu Bismillahi kuwa ni aya ya kwanza ya Alhamdu. Watu wa Madina hawaihesabu, lakini aya ya mwisho wanaikata mbili, na kwa wote Alhamdu inabaki kuwa aya saba. Watu wa Kufa wanazihesabu herufi za Alif Lam Mim kuwa ni aya peke yake, wengine wanaziunganisha na inayofuata. Kila mmoja alieleza alivyohesabu, na ndiyo maana tunaweza kuwaamini wote. 6,666 haina mwenyewe wa kuulizwa.

Baya zaidi kuliko uvivu ni mapenzi. Mwaka 1974 Dk. Rashad Khalifa, Mmisri aliyekuwa akiishi Marekani, alitangaza kwamba kwa kutumia kompyuta amegundua siri ya namba 19 katika Qur'ani. Bismillahi ina herufi 19. Sura ni 114, yaani 19 mara sita. Na mengineyo mengi. Sheikh Ahmed Deedat wa Durban aliieneza habari hiyo kwa kijitabu na mihadhara, na Waislamu duniani wakafurahi, maana ilionekana kama kwamba sasa mitambo ya makafiri yenyewe inaishuhudia Qur'ani. Mpenzi yeyote wa takwimu angevutika. Lakini hesabu nyingine za Khalifa zilikataa kutimia. Mhesabuji mkweli hapo huandika: haikutimia. Yeye, katika miaka ya 1980, alisema kwamba aya mbili za mwisho za Suratut Tawba si za Qur'ani, akaziondoa, na hesabu zake zikakaa sawa. Baadaye akadai kwamba yeye ni mjumbe wa Mwenyezi Mungu. Wanazuoni walimkana, na wale waliokuwa wameusherehekea "muujiza" wake wakabaki na vijitabu mkononi.

Angalia njia aliyopita. Hakuanza kwa kuikataa Qur'ani. Alianza kwa kuitukuza. Akaipenda jumla, akaipenda mpaka siku jumla na kitu kilichohesabiwa vilipopingana, akakipunguza kitu. Leo tabia hiyo hiyo, ingawa kwa kiasi kidogo na kwa nia njema, inapita katika simu zetu kila Ramadhani: neno "siku" limetajwa mara 365, neno fulani mara sawasawa na kinyume chake. Ukiiuliza hesabu ile ya 365 imefanywaje, utakuta wamehesabu baadhi ya maumbo ya neno na kuyaacha mengine, ya wingi na yaliyounganishwa, mpaka ikatimia. Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakina haja ya kusaidiwa namna hiyo.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Jioni moja baada ya Isha, chukua msahafu wako, karatasi na kalamu, umkalishe mtoto wako karibu akusomee. Juu ya kila sura, au mwisho wake, imeandikwa idadi ya aya zake. Alhamdu, 7. Al-Baqara, 286. Aali Imran, 200. An-Nisaa, 176. Al-Maida, 120. Al-An'aam, 165. Al-A'raaf, 206. Al-Anfaal, 75. At-Tawba, 129. Hapo simama ujumlishe kabla ya kuendelea na Yunus, maana safari ni ndefu na makosa hupenda kuingia mapema. Unatakiwa uwe na 1,364. Ukijikuta una 1,362, rudieni tena pamoja.